Daktari wa hamira

Ukitaka kujua kama mtoto amevimba kwa maji, unamshika mguu, unabonyeza kidole gumba juu ya unyayo, unahesabu kimoyomoyo, halafu unaachia. Kikibaki kishimo, umeshajua. Nimebonyeza miguu hivyo tangu mwaka 1996 nilipoanza kazi ya uuguzi wodi ya watoto, na hadi leo kishimo kile hunitia unyonge. Kinajaa polepole mno. Mtoto anakutazama tu, hata nguvu ya kulia hana, na mama yake amekodolea macho kidole chako akisubiri useme neno.

Mtu ninayetaka kuwasimulia leo nilianza kumpenda kwa ajili ya vishimo hivyo. Anaitwa Archie Cochrane. Wenzangu wa hospitalini jina hilo mmeliona, maana limebaki kuwa jina la taasisi inayokusanya na kujumlisha majaribio ya tiba. Nami kwa miaka mingi nilidhani ni jina la kampuni, mpaka siku nilipomsoma mwenyewe. Nikakuta ni mtu aliyewahi kusimama mbele ya wanaume waliovimba miguu, hana dawa, hana vipimo, na wakubwa waliomzunguka hawajali. Hapo nikasema, huyu ni mwenzangu.

Alizaliwa Januari 1909 huko Galashiels, Scotland, katika familia yenye uwezo. Baba yake aliuawa vitani Gaza mwaka 1917, mtoto akiwa na miaka minane. Alisoma Cambridge, akahangaika Ulaya miaka kadhaa, kisha akaingia udaktari London mwaka 1934. Kabla hajamaliza akaacha masomo, akaenda Hispania kuhudumu katika kikosi cha kubeba majeruhi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akarudi, akamaliza mwaka 1938.

Kuna jambo moja la ujana wake ambalo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Siku hizo Uingereza ilikuwa bado haina huduma ya afya ya taifa, na watu walikuwa wanaandamana kuidai. Cochrane akaandika bango lake mwenyewe, akaingia nalo kwenye maandamano. Lilisema kwamba tiba yote inayofaa lazima iwe ya bure. Wengine wangeandika tiba iwe ya bure, basi. Yeye akaongeza "inayofaa". Hakuna aliyemuunga mkono kwa neno lile, lakini ndilo lililomwongoza mpaka kufa kwake.

Mimi neno hilo nalielewa kwa njia yangu. Nimeona familia ikiuza mbuzi kwa ajili ya dawa. Nimeona baba akirudi kijijini kwa miguu kutafuta fedha ya chupa nyingine, arudi nayo kesho yake jioni. Sasa ikiwa kile alichokiuzia mbuzi hakimsaidii mtoto, au kinamdhuru, sisi tuliokiandika kwenye karatasi tumefanya nini?

Turudi kwenye miguu.

Juni 1941 Cochrane, kapteni wa matabibu wa jeshi la Uingereza, alitekwa na Wajerumani kisiwani Krete. Alikuwa na miaka 32. Walimpeleka kambi ya mateka Salonica, kaskazini mwa Ugiriki, na kwa kuwa alijua Kijerumani wakamfanya mganga mkuu wa kambi. Kwa muda mrefu alikuwa ndiye daktari peke yake, na mateka walikuwa wapatao 20,000. Chakula kilikuwa kidogo mno. Kila mtu anaharisha. Kulikuwa na homa ya matumbo, dondakoo, manjano. Stoo yake ya dawa ilikuwa na aspirini, dawa ya kutuliza kiungulia na dawa ya kupaka kwenye vidonda. Kilichomfaa hasa ni wahudumu waliokuwa na moyo wa kazi.

Aliomba aongezewe madaktari. Mkubwa wa Kijerumani akamjibu kwamba madaktari hawahitajiki. Alikasirika sana, akafikia kutunga shairi. Lakini alipokuja kupiga hesabu aliona ajabu: alitarajia mamia wafe kwa dondakoo peke yake, na katika kipindi chake pale walikufa wanne tu, watatu kati yao kwa risasi za walinzi. Hakujisifu. Alisema wazi kwamba matokeo yale hayakutokana na dawa zake wala ujuzi wake. Miili yenyewe ilipona. Na yule Mjerumani, awe alisema kwa hekima au kwa ukatili, alisema kweli.

Niliposoma hapo nilifunga karatasi nikakaa kimya. Ni daktari gani mwingine mmesikia akisema wagonjwa wangu walipona na haikuwa kwa sababu yangu?

Kisha ikaja miguu. Mateka walianza kuvimba, maji yakipanda juu ya magoti, na idadi ikawa inaongezeka siku hadi siku. Naye mwenyewe alikuwa amevimba. Akafikiri huenda ni beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B. Akakumbuka habari ya James Lind, tabibu wa manowari wa karne ya 18, aliyewagawa mabaharia wenye kiseyeye makundi makundi na kuwapa kila kundi kitu tofauti aone kipi kinaponya. Cochrane akapata hamira. Ndiyo, hii hii ya maandazi. Akachagua vijana 20 waliovimba, akawaweka vyumba viwili, kumi kumi. Chumba kimoja walipewa hamira mara tatu kwa siku. Chumba cha pili kidonge cha vitamini C.

Sasa apime nini? Kupima wingi wa mkojo hakuwezi, ndoo hakuna. Akaamua kuhesabu kila mtu ameenda kukojoa mara ngapi. Mie niliposoma hivyo nilicheka kwa furaha, maana hiyo ndiyo akili ya wodini hasa. Huna kifaa, lakini una macho, una daftari, na wagonjwa wenyewe wako tayari kukusaidia kuhesabu. Siku ya kwanza, hakuna tofauti. Ya pili, hakuna.  Siku ya nne ikawa wazi kwamba chumba cha hamira wanakojoa zaidi, na wanane kati ya kumi wakasema wanajisikia nafuu. Chumba cha pili hali ni ile ile.

Akaandika matokeo vizuri kwenye karatasi, akawapelekea Wajerumani. Wale wale walioona madaktari hawahitajiki wakazitazama namba, na daktari wao mmoja kijana akauliza anahitaji nini. Hamira nyingi, tena haraka. Ikaletwa.

Lakini msikilizeni alivyolisema jambo hili mwenyewe mwaka 1984, mzee wa miaka 75, alipoliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza. Aliliita jaribio lake la kwanza, baya kuliko yote, na lililofanikiwa kuliko yote. Baya kwa sababu watu walikuwa wachache, siku chache, mgawanyo haukuwa wa kura, na hata dhana yake ya beriberi huenda haikuwa sahihi. Mtu ana hadithi tamu ya kishujaa mkononi, inayoweza kumlisha sifa maisha yake yote, naye anaitoboa mwenyewe kwa sindano kwa sababu ukweli ni mkubwa kuliko yeye.

Baadaye alihamishiwa kambi za Ujerumani. Huko Elsterhorst alitibu wafungwa wenye kifua kikuu, miaka ambayo dawa ya kifua kikuu ilikuwa haijapatikana. Kulikuwa na njia kadhaa za kufanya, mfano kulazimisha pafu lisinyae lipumzike, kumlaza mgonjwa miezi, na nyinginezo. Kila daktari na yake. Cochrane alikuwa na uhuru wote wa kuchagua, ila hakujua ipi inaponya na ipi inaua. Aliandika kwamba angeutoa uhuru wote ule kwa furaha apewe ujuzi kidogo tu. Alihofia kwamba baadhi ya aliowatibu aliwapunguzia siku zao.

Hofu hiyo naijua. Nitaieleza, lakini kwanza askari wa Kirusi.

Usiku mmoja Wajerumani walimleta mfungwa kijana wa Kisovieti, mahututi. Wodi imejaa na wamelala, na kijana anapiga kelele. Cochrane akamweka chumbani kwake asiwaamshe wengine. Alipompima alikuta mapafu yameharibika pande zote mbili na utando wa mapafu unakwaruzana. Akadhani ndiyo maumivu yanayomliza. Dawa kali ya maumivu hana, aspirini haikufanya kitu. Kirusi alijua kidogo mno, na hakuna aliyekijua pale. Mwishowe, bila kufikiri, akakaa kitandani akamkumbatia. Kelele zikakoma pale pale. Kijana akafa kwa utulivu mikononi mwake saa chache baadaye. Cochrane akaandika kwamba si mapafu yaliyokuwa yanamliza, ni upweke, na kwamba aliona aibu kwa kukosea kutambua ugonjwa. Habari hiyo aliificha miaka mingi.

Kuna wanaosema watu wa ushahidi na takwimu hawana moyo, kwamba mgonjwa kwao ni namba. Wamsome huyu. Mimi naona alihesabu kwa sababu ya moyo ule ule uliomkalisha kitandani. Umpende mtu kiasi hicho, halafu umpe dawa bila kujali kama inafaa? Haiwezekani.

Nilisema nitaeleza hofu yangu.

Mwaka 2008 nilikuwa zamu ya usiku. Hospitali siitaji. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, homa kali, anahema haraka, mikono na miguu baridi kama maji ya mtungi. Alikuja na bibi yake, mama alikuwa amejifungua wiki ile. Tulifanya tulivyofundishwa: kanula, kipimo cha malaria, sindano za kuanzia, na dripu iende mbio. Maji mengi ndani ya saa moja, kisha tena akihitaji. Ndivyo vitabu vilivyosema, na ndivyo walivyofanya madaktari wote niliowaheshimu. Mimi ndiye niliyefungua gurudumu la dripu mpaka mwisho.

Na alipata nafuu! Baada ya saa moja nilimshika vidole, vina joto. Nilimwambia bibi, "Bibi, sasa anarudi." Akanijibu, "Mungu akubariki mwanangu." Alfajiri, kabla ya adhana, mtoto akabadilika ghafla. Hatukuweza kumrudisha.

Nilijiambia amechelewa kuletwa. Wote tulisema hivyo. Tulisema hivyo mara nyingi mno miaka ile.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 ukafanyika utafiti katika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, nne Uganda, na Teule, Muheza, hapa hapa mkoani Tanga. Aliyeuongoza ni Daktari Kathryn Maitland wa Kilifi. Waliuliza swali ambalo lilionekana kama kufuru: je, ile dripu ya mbio tunayowapa watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko wa damu, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, inawasaidia? Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahasha zilizofungwa, hakuna mtu anayechagua. Wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji ya albumini, ile protini ya damu, kwa haraka, wengine hawakupewa maji ya haraka kabisa, ila dripu ya taratibu. Tiba nyingine zote zilikuwa sawa: dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni, damu kwa anayestahili.

Walikuwa wamepanga wafikie watoto 3,600. Januari 2011 wasimamizi wa usalama wakawaambia wasimame. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya dripu ya mbio walikuwa wamekufa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3. Watoto watatu zaidi katika kila mia.

Na kilichonivunja zaidi ni hiki: baada ya saa ya kwanza, waliopewa dripu ya mbio ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Vidole vilipata joto. Macho yetu hayakutudanganya kuhusu vidole; yalitudanganya kuhusu mtoto.

Siwezi kusema dripu yangu ndiyo iliyomwua mjukuu wa yule bibi. Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema. Labda angekufa vilevile, maana hata bila maji yale walikufa saba katika mia. Ndiyo maana wauguzi na madaktari wa dunia nzima tungeweza kufanya kazi miaka mia, kila mmoja na uzoefu wake na wodi yake, na tusijue kamwe. Watatu katika mia hawaonekani kwa macho. Wanaonekana kwa bahasha na daftari tu. Cochrane alilijua hilo tangu chumba cha hamira, na ndilo alilolipigania baada ya vita.

(Hapa niweke angalizo, maana najua kina mama wanasoma. Utafiti ule haukuhusu watoto wanaoharisha na kutapika. Hao wakipungukiwa maji wanahitaji maji, na wanahitaji haraka. Asije mtu akamkatalia mtoto wake dripu kwa sababu ya niliyoandika hapa.)

Basi baada ya vita Cochrane akasoma London chini ya Austin Bradford Hill, mwanatakwimu aliyesimamia jaribio maarufu la dawa ya streptomaisini kwa kifua kikuu lililochapishwa mwaka 1948, ambalo wagonjwa walipangwa kwa bahati nasibu. Mwaka huo huo akaenda Wales, karibu na Cardiff, kuchunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Akaingia bonde la Rhondda Fach na timu yake, wakapiga picha za kifua karibu wachimbaji wote, nyumba kwa nyumba. Sifa yake kubwa huko ilikuwa kumfuata asiyekuja. Aliamini asiyekuja kupimwa ndiye mwenye siri, na ukimwacha hesabu yako yote ni uongo. Sisi tunaofuatilia watoro wa kliniki tunajua jasho la kazi hiyo. Miaka 10 baadaye, hata 20, watu wake walirudi kuwatafuta watu wale wale.

Mwaka 1960 akawa profesa wa kifua kikuu na magonjwa ya kifua Cardiff, na akaongoza kitengo cha utafiti cha epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa katika jamii, hadi mwaka 1974. Kabla ya hapo yeye mwenyewe alipata uvimbe kwapani. Daktari wa upasuaji akamkata, akamwambia amejaa saratani na hana muda. Cochrane akaanza kupanga kifo chake. Kisha majibu ya maabara yakarudi: hakuna saratani. Mpasuaji hakuwa ameyasubiri.

Nakipenda sana kisa cha vyumba vya moyo. Miaka ya 1960 hospitali za Uingereza zilikuwa zinajenga vyumba maalumu vya wagonjwa wa mshtuko wa moyo, kwa gharama kubwa, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba vinaokoa. Daktari Mather wa Bristol akafanya jaribio: baadhi ya wagonjwa walazwe hospitali, wengine watibiwe nyumbani. Madaktari wengi waliona ni unyama kumwacha mgonjwa nyumbani. Matokeo ya mwanzo yalipopatikana, yakiwa bado machache, Cochrane akaja kwenye kikao cha kamati na karatasi mbili. Ya kwanza ilionyesha nyumbani wamekufa zaidi kidogo. Wakubwa wakachachamaa: Archie, tulikwambia, hii ni kinyume cha maadili, simamisha mara moja! Akawaacha wamalize. Kisha akaomba radhi, akatoa karatasi ya pili, akasema ile ya kwanza amegeuza namba. Waliokufa zaidi kidogo ni wa hospitalini. Je, wako tayari sasa kusema vyumba vya moyo vifungwe mara moja? Kukawa kimya. Naye alisikitika, kwa sababu wale walikuwa rafiki zake.

Mwaka 1972 kikatoka kitabu chake kidogo kuhusu huduma za afya, akauliza swali la bango lake kwa nchi nzima: haya yote tunayoyalipia, tumejuaje kama yanafaa? Kilisomwa sana. Miaka miwili baadaye yeye na Peter Elwood wakachapisha jaribio la kwanza la aspirini kwa watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, wanaume 1,239. Matokeo yaliielekea aspirini lakini hayakutosha kuthibitisha, nao wakasema hivyo hivyo bila kupamba. Ilibidi majaribio mengine yafanyike na yajumlishwe pamoja ndipo jibu likawa wazi. Leo wagonjwa wa moyo wanapewa aspirini kila mahali.

Kujumlisha huko ndiko kulikomsumbua uzeeni. Mwaka 1979 aliandika kwamba ni lawama kubwa kwa fani nzima ya udaktari kuwa haijakusanya na kuchambua, tawi kwa tawi, majaribio yote yaliyofanyika, na kuendelea kuyapitia upya kila yanapotoka mengine. Kila mtu alikuwa na tofali lake, ukuta haupo. Aliwakaripia hasa madaktari wa uzazi. Na wa uzazi ndio walioitikia! Iain Chalmers na wenzake huko Oxford walikusanya majaribio ya ujauzito na kujifungua, kazi ya miaka, na Cochrane akaisifu kwa maandishi kabla hajafa. Alifariki tarehe 18 Juni 1988. Mwaka 1992 Chalmers akafungua kituo Oxford akakipa jina la mzee, na mwaka uliofuata ukazaliwa ushirika wa kimataifa wenye jina hilo. Wakati huo huo kule Kanada, akina David Sackett na Gordon Guyatt walikuwa wanafundisha utabibu wa kuzingatia ushahidi, jina lililokuja kuenea dunia nzima.

Alama ya ushirika ule, ile mistari iliyolala ndani ya duara, wakunga wenzangu tuitazame vizuri. Ni majaribio saba ya kumchoma sindano mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. La kwanza lilichapishwa New Zealand mwaka 1972. Miaka ikapita, ushahidi umetapakaa kwenye majarida, hakuna aliyeujumlisha, na watoto waliendelea kufa kwa kukosa sindano ya bei ndogo. Leo ni deksamethasoni iliyoko kwenye kabati letu la dawa, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Hata hiyo haikukubaliwa kwa macho yaliyofumbwa: utafiti wa mwaka 2015 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ulitia shaka kama inafaa mahali penye huduma duni, ukaleta hofu kubwa. Mwaka 2020 mwingine, Kenya ikiwemo tena, safari hii katika hospitali zenye uwezo wa kuwatunza watoto njiti, ukaonyesha watoto waliokufa walipungua kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Kwa hiyo sindano ni ile ile, lakini mahali unapoichomea pana neno lake.

Cochrane hakuoa, hakuzaa. Tanzia yake aliiandika mwenyewe ikachapishwa baada ya kifo. Alijieleza kuwa mtu aliyevuta sigara kupita kiasi, bila faraja ya mke, wala ya dini, wala ya tuzo ya utumishi bora, lakini alichofanya si haba.

Wiki iliyopita tulimpokea mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu. Nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inababuka, miguu imevimba. Nilimwonyesha mwanafunzi wangu kubonyeza kwa kidole gumba, akahesabu, akaachia, kishimo kikabaki. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi. Mwanafunzi akanyoosha mkono kwenye dripu, akasita, akaniangalia.

"Sista," akasema, "ule utafiti wa Muheza, watoto wenye utapiamlo mkali walikuwemo?"

"Hawakuwemo," nikamjibu.

"Sasa huyu tutajuaje?"

Nilimwita daktari wa zamu, tukatoa mwongozo wa utapiamlo droo ya chini, tukaanza kusoma wote watatu, mtoto nimempakata.